Binti Aliyeshika Kibao Kama Mwiko

Ifakara, Jumamosi mchana

Gaudensia mwanangu,

Sitaanza kwa kukuuliza hali, maana hali yako naijua. Asubuhi nimekukuta jikoni unakwangua ukoko wa wali kwa vidole, mwalimu mzima mwenye cheti! Wala sitakuandikia habari za kuchemsha maji, kuchomekea chandarua, na kutompa mtu usiyemjua begi akushikie stesheni. Hayo shangazi yako anakuambia sasa hivi huko ulikokwenda kuaga, na baba yako ameyarudia tangu Jumatatu mpaka mimi nimeyakariri. Mimi nimekaa uani na daftari lako la zamani, nimefukuza kuku, nina neno. Limekaa kifuani miaka mitatu.

Ila kwanza niseme hili lisije likapotea huko katikati: najivunia wewe. Najivunia mpaka natafuta watu wa kuwaambia. Jana sokoni nimemwambia mama muuza dagaa, hata hajaniuliza, "Binti yangu amepangiwa shule Rukwa, na anakwenda kuwafundisha mpira wa meza, hawajawahi kuuona huko." Akasema, "Hongera. Unachukua fungu moja au mawili?" Nikachukua mawili kwa furaha.

Sasa neno lenyewe. Ili ulielewe inabidi nianze mbali kidogo, univumilie.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu Wachina walipofika kujenga reli. Babu yako alipata kazi ya kubeba mataruma. Mimi nilikuwa nimeshatolewa shule darasa la tatu, nilee wadogo zangu, maana bibi yako alikuwa mgonjwa. Hakuna aliyeniuliza. Siku moja nilikwenda na daftari, siku ya pili nikabaki na mtoto mgongoni. Basi nikawa napeleka mayai kambini kwa Wachina. Jioni moja nikawakuta wanacheza. Wanaume wazima, wametoka kubeba vyuma juani, wamevaa fulana, na kimpira kidogo kama yai la kanga kinakwenda na kurudi juu ya meza. Nikasahau mayai, nikasahau na mtoto, nikasimama pale mpaka giza linaanza.

Kulikuwa na fundi mbao mmoja tuliyemwita Bwana Wen. Kiswahili chake kilikuwa maneno kama ishirini, na kumi kati ya hayo yalikuwa ya chakula. Aliniona natazama. Akachomoa penseli aliyoichomeka sikioni, akanishikisha, akavipanga vidole vyangu kimoja kimoja. Kisha akaitoa, akaniwekea kibao cha kuchezea mahali pale pale, vidole vile vile. "Kama hivi," akasema. "Kama hivi tu."

Gau, elewa jambo hili. Mimi nilikuwa mtoto aliyenyang'anywa kalamu. Kushika kile kibao kama mtu anayeandika, jamani, nilijiona nimerudi darasani. Kuandika kwa kweli nilikuja kujifunza baadaye kwenye elimu ya watu wazima, nikiwa nimeshakuzaa, na ndiyo maana mwandiko wangu mpaka leo unapanda mlima. Lakini moyoni mwangu nilisoma pale kambini. Nikaamini kwamba anayeshika kibao kama kalamu amesoma, na anayekishika vingine ni mjinga. Hakuna mtu aliyenifundisha hivyo. Nilijifundisha mwenyewe, nikaiita sheria.

Reli ilipokwisha waliondoka, meza yao moja ikabaki, ikahamishiwa ukumbi wa parokia. Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanza, kama anavyosema baba yako. Vibao tulichonga wenyewe kwa mninga, tukagandisha soli za kandambili juu yake. Mpira ukibonyea tuliutia kwenye maji ya moto ukarudi duara, na ukipasuka tuliuzunguka kama watu wa msiba. Unakumbuka ule mmoja uliokaliwa na Padre? Hakuna aliyethubutu kumwambia ainuke.

Watu walicheka sana. Mwanamke mwenye watoto, badala ya kupalilia, anarukaruka mbele ya meza! Wengine walimwambia baba yako anifungie ndani. Yeye akachonga meza nyingine, akaitengeneza nusu mbili ili ibebeke. Huyo ndiye baba yako, ukipata wa kwako mwangalie kwa kipimo hicho. Kila baada ya mavuno tulikuwa tunaondoka, mimi na nusu meza nyuma ya baiskeli yangu, yeye na nusu yake, upepo ukivuma unatupeleka mtaroni. Kiberege waliushika mchezo ndani ya wiki moja tu. Vijana wa sokoni pale wana mikono myepesi, na wengi waliweza kushika nilivyotaka, kwa hiyo sikugundua kitu.

Mofu sikwenda. Nilisema, wale wavuvi ukiwapelekea meza watakatia samaki. Nilisema hivyo mbele yako na ulikuwa na masikio.

Masagati nilikwenda. Treni mpaka Mlimba, kisha lori la mbao, kisha meza kichwani. Walitupokea kwa kuku na ngoma. Siku ya kwanza walikuja watu zaidi ya arobaini, wazee kwa watoto, wameoga kabisa. Nikawapanga mstari, nikapita nampa kila mmoja kibao. Anayeshika kama kalamu, huku. Anayeshika kama mwiko, kaa pembeni ujifunze kwanza kushika. Sasa niambie, mtu aliyelelewa na jembe, shoka na mwiko, atashikaje kitu chenye mpini? Walijaa pembeni. Siku ya tatu walikuja kumi. Wiki ya pili ilipokwisha nilikuwa na wanne, mmoja wao mwalimu mkuu, kwa aibu.

Mwaka uliofuata nilirudi kuwatazama. Meza tuliyowaachia nikaikuta imewekwa vizuri chini ya paa, imejaa mahindi. Nikapandisha sauti, unanijua. Bibi mmoja akanijibu kwa upole kabisa, "Mama, ulisema sisi hatuwezi kushika. Tukaona tusiuharibu mchezo wa watu, tukaweka mahindi." Nami badala ya kusikia nikarudi Ifakara nikasema watu wa Masagati hawapendi maendeleo. Mungu anisamehe. Yule bibi alikuwa amenipa ukweli wote kwenye kiganja, nikautupa.

Halafu wewe. Ulikishika kibao mara ya kwanza ukiwa na miaka saba, ukakishika kama mwiko, maana ulikuwa umetoka kunisaidia kusonga ugali. Nikakurekebisha. Ukakishika tena vile vile. Nikakupiga vidoleni. Nikakufunga vidole kwa kipande cha kitenge, kwa fundo, ili visikae vingine, na ulicheza hivyo ukilia kimya kimya, makamasi yanachuruzika, na mipira unairudisha. Baba yako akasimama mlangoni akasema, "Mke wangu, wewe unafundisha mchezo au unafundisha Kichina?" Nikamwambia aende kwenye mbao zake.

Hukukubali kubadilika. Ulikuwa unashika kama kalamu nikikutazama, nikigeuka unashika unavyotaka, na nilisikia kwa sauti ya mpira kwamba umegeuza. Mpira wako ulikuwa na sauti nyingine, mama, nzito. Nilijua tangu ukiwa na miaka kumi na mbili kwamba utanipita. Nilijua, nikanuna.

Ndipo ukaja ule mwaka wa uchaguzi wa vyama vingi, tulipopata nafasi ya wasichana wawili kwenda kushindana Morogoro. Nafasi moja ilikuwa na mtu tayari. Ya pili ilikuwa yako au ya Tekla, mtoto wa jirani, niliyemfundisha mwenyewe na aliyeshika kama Bwana Wen. Ukumbi ulijaa. Watu wa Kiberege walikuja na magunia ya kukalia. Mlicheza michezo mitatu, na wa tatu ukamfunga ishirini na moja kwa kumi na nne, watu wanagonga kuta kwa furaha, eti hata makofi hayatoshi. Kila mtu pale alijua nani anakwenda Morogoro.

Nikasimama. Maneno yangu nayakumbuka yote, na naamini wewe unayakumbuka vizuri zaidi. "Anakwenda Tekla. Huyu hajui kushika kibao. Siwezi kwenda kuaibika mbele za watu na mtu anayeshika mwiko." Wakacheka. Hata waliokuwa wanakushangilia walicheka, maana watu hucheka anapocheka mkubwa. Ulikuwa na miaka kumi na saba. Ulikiweka kibao mezani taratibu, ukamshika Tekla mkono, ukatoka. Tangu siku ile hukukanyaga tena ukumbi ule kucheza.

Hilo unalijua. Usilolijua ni hili.

Tulifika Morogoro. Nikaingia ukumbini na kifua mbele, na kitambaa changu cha kichwa kipya. Mechi ya kwanza kuitazama ilikuwa ya msichana mmoja wa Dar es Salaam, mwembamba, hana hata nyama ya kushikia kibao. Kakishika kama anasonga ugali. Nikasubiri aaibike. Akamfunga mwenzake ishirini na moja kwa tatu. Nikatazama meza ya pembeni, nikatazama ya nyuma. Gau, zaidi ya nusu ya ukumbi walikuwa wanasonga ugali! Nikamfuata mwalimu wao, kijana mpole, nikamwambia, "Kaka, mbona mnawaachia watoto washike vile?" Akanitazama kama nimemuuliza kwa nini wanavaa viatu. Akasema, "Dada, kuna namna mbili, zote halali. Kwani ninyi mlifundishwa na Wachina?"

Nikakaa chini. Tekla akatoka mechi ya kwanza. Hakutoka kwa sababu ya kushika, alitoka kwa sababu waliomfunga walikuwa wazuri. Lakini yule msichana wa Dar aliyechukua kikombe nilimtazama mechi zote, na nakuapia, mwanangu, siku hiyo ungemtoa jasho. Labda ungemfunga. Nilikaa pale nikiona nafasi yako inachezwa na watu wengine.

Nikarudi Ifakara. Watu wakauliza, vipi? Nikasema Tekla alipatwa na homa. Tekla hakuwa na homa. Alisimama pembeni yangu mzima kama chuma, akanisikia, akainamisha kichwa kwa heshima. Na wewe ulikuwa pale mlangoni, ukasema, "Pole, Tekla." Mimi nikaingia ndani kuvua viatu.

Nimefundisha miaka mitatu baada ya hapo huku nikijua. Nikaacha kuwapiga watoto vidoleni, hilo nililiacha, lakini sikusema kwa nini. Kila nilipotaka kukuambia nilisema, akimaliza mtihani. Umemaliza mtihani, nikasema, akimaliza chuo. Wewe ukawa ukirudi likizo unasema unakwenda Mofu kwa mama yako mdogo kumsaidia mpunga, na mimi nafurahi, kumbe nafurahi kwa sababu nikikaa na wewe nyumbani linanikaba.

Mwaka jana baada ya mavuno, lori la mpunga likasimama mbele ya ukumbi, likashusha watoto sita wa Mofu, wana vibao vyao. Mofu! Nikasema, haya, tuone wavuvi. Mama wee. Walitufunga mechi tano kati ya sita. Mmoja anashika kama mwiko, mmoja kama kalamu, mmoja wa mkono wa kushoto, na yule binti mfupi anakishika kama panga la kukatia miwa, sijui mpira anaurudishaje. Nikamfuata mwenyekiti wao, Mzee Benedikto. Nikamwamkia, nikamuuliza ni nani amewafundisha. Akacheka mpaka akakohoa. "Mama, unanitania? Mwalimu wao ni binti yako. Likizo zote yuko kwetu, walianza kuchezea mlango wa stoo juu ya mapipa mawili. Kwani hukujua?"

Nikasema, "Nilijua." Uongo wa pili huo, uandike.

Yule binti mfupi nilimuuliza pembeni, mwalimu wako alikufundishaje kushika? Akasema, "Alisema shika unavyoweza, ila mpira urudi." Nikaenda nyuma ya ukumbi nikalia, nikanawa uso, nikarudi kuwapakulia ubwabwa, na mkono wangu uliwajazia sahani mpaka baba yako akanikonyeza. Sijawahi kufungwa nikafurahi vile. Ulikuwa umefanya peke yako, kwa watu niliowadharau, bila meza, kazi ambayo mimi na meza na baiskeli na kelele zangu zote ilinishinda Masagati. Wewe hukuja ukumbini, ulikuwa nyumbani, na ningeweza kukuambia usiku ule ule. Nilikuambia, "Watoto wa Mofu wana bidii." Ukasema, "Ndiyo mama." Tukaosha vyombo.

Wiki iliyopita nilipanda gari mpaka Kiberege, alikoolewa Tekla, nikamwomba radhi kwa ile homa. Alikuwa ananyonyesha. Akacheka, akasema, "Mama, yale yalikwisha. Mimi niliona mwenyewe kule Morogoro, kwani sina macho? Nilinyamaza kwa sababu wewe ni mama yangu." Kisha akaacha kucheka. "Gau umemwambia?" Nikamshika mtoto wake, nikaaga.

Basi ndiyo nakuambia. Ulishika sawa. Ulistahili kwenda Morogoro, nilikuzuia, nikajua kosa langu kule kule Morogoro, nikalificha miaka mitatu ili nisipungue mbele ya watu. Nilikosa, mwanangu. Nisamehe.

Ya Rukwa sina mengi. Wewe unayajua kuliko mimi, na mwenye kuwapoteza Masagati hana cha kumfundisha mwenye kuwapata Mofu. Ila kuna jambo moja linanitisha, na nalisema kwa sababu una damu yangu. Siku moja utapata mtoto mwenye kipaji kuliko wewe, atafanya kitu ambacho hukumfundisha, na kitakuudhi. Kitakuudhi kweli, utatafuta sheria ya kumpigia. Mimi hasira hiyo ilinijia na nilikuwa nampenda huyo mtoto kuliko macho yangu. Ukiona hasira hiyo inakuja, nenda kateke maji, nenda kafue, nenda popote. Na ukishakosea, sema wiki hiyo hiyo. Likilala linazoea.

Lingine dogo. Usiwapelekee meza wakati wa kupalilia. Hilo baba yako ndiye aliyesema niandike.

Kesho watakuja stesheni watu wa Mofu, na wa Kiberege, na wengi wa waliokuwa ukumbini siku ile. Nataka kusema mbele yao, maana nilikuaibisha mbele yao. Lakini sitasema bila ruhusa yako. Nilishakufanya hadithi ya watu mara moja bila kukuuliza. Ukisema hapana, nitapunga mkono kama akina mama wengine na kunyamaza, ingawa unajua kunyamaza kwangu ni kazi.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimepanga kuichomeka barua hii chini ya nguo zako, uisome treni ikishavuka Mlimba na kuanza kupanda milima, mahali ambapo huwezi kushuka ukanijibu. Nimefika ukurasa huu nimeona huo ni woga mtupu. Nilikuhukumu umesimama mbele yangu, na kukuomba radhi nawe umo kwenye treni inayokimbia ni kukukimbia. Kwa hiyo nakupa mkononi leo hii, ukiingia tu. Isome ukimaliza kunywa maji. Baba yako nimemtuma kwa fundi baiskeli, na nimemwambia asiwahi kurudi. Nitakuwa hapa hapa uani napepeta mchele wako wa safari, sitainuka wala sitajifanya nina kazi nyingine. Njoo useme lolote, hata ukipandisha sauti majirani wakasikia. Treni ni kesho alasiri. Muda wa kugombana tunao, na wa kupatana pia.

Mama yako